Mfereji Uliopita Kwenye Makaburi Yetu

Kanyeru, nyumbani kwa Mama,
karibu na Lushebere, Masisi.
Tarehe 8 Desemba 2023.

Mpendwa kaka yangu Jean-Marie,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Solange, na watoto wetu Luc na Alliance. Je, Luc amepona kabisa ile malaria? Na wewe kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Lubumbashi? Huwa nakuwaza kila ninaposikia mtu anakohoa kanisani, maana kikohozi chako nakijua tangu utoto.

Sisi huku tuko hai. Mama anakula vizuri. Goti lake la kushoto linamsumbua wakati wa baridi, lakini bado anapanda kilima bila fimbo, na kila siku analalamika kwamba mboga zangu hazina chumvi. Akiacha kulalamika ndipo nitakapoogopa. Mimi naendelea kufundisha darasa la tatu, wanafunzi sabini na wawili, na sasa wengine wanakaa chini kwa sababu tumepokea watoto wa kambi ya wakimbizi.

Wiki iliyopita, simu iliporudi, niliongea nawe kidogo nikakuambia kwamba mlima umeanguka na kwamba sisi tumepona. Kisha mtandao ukakatika. Ukweli ni kwamba hata usingekatika, kuna jambo nisingeweza kulisema kwa simu. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii namkabidhi Sista anayeshuka Goma, atakutumia kwa ndege. Tafadhali isome kwanza peke yako, halafu utafute wakati mtulivu umsomee Solange.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jumanne tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa ubaoni nikiandika hesabu. Tulisikia kishindo kama lori kubwa linalomwaga mawe, ila hakikwisha. Watoto walinitazama mimi, nami nikatazama dirishani. Ubavu wa mlima, pale juu ya nyumba za akina Evode, haukuwapo tena. Kulikuwa na udongo mwekundu tu, na vumbi jembamba likipanda juu ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Nyumba tatu zilifunikwa. Watu tisa walikufa. Mmoja ni Evode mwenyewe, uliyesoma naye, ambaye alikuwa anafundisha darasa la tano jirani na langu. Siku hiyo aliomba ruhusa kwa sababu mwanawe mdogo alikuwa na homa. Tulichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono, Jumanne yote na Jumatano yote. Tuliwapata saba, tukawazika. Wawili mlima umebaki nao.

Kaka, mlima huo haukuanguka wenyewe. Unakumbuka ulivyokuwa na miti mpaka juu. Watu wameikata kuchoma makala, makaa ya kupikia, mwaka baada ya mwaka, na sisi pia tulikata. Mbao za paa la Mama zilitoka pale. Siandiki haya ili nimlaumu mtu, naandika kwa sababu nimeyawaza sana, na sijapata wa kuyasema.

Siku ya Alhamisi, tukiwa bado na udongo wa mazishi miguuni, Papa Makuza alikuja kutafuta ng'ombe wake kule bondeni, akarudi mbio. Udongo ulioporomoka ulikuwa umeziba kijito cha Nyamurale kama mtu anavyoziba mdomo wa chupa. Nyuma yake kulikuwa na ziwa. Mihogo ya watu ilikuwa imekwisha kufunikwa, yakionekana majani ya juu tu, na maji yalikuwa yanapanda huku tunayatazama. Ule udongo ulikuwa laini. Siku maji yangefika juu yake, ungebomoka wote kwa mara moja, na chini yake ni bonde la Lushebere: soko, shule, zahanati, na vibanda vya wakimbizi, safu kwa safu, hadi ukingoni mwa maji.

Chefu wetu wa lokalite, Papa Barthélemy, alipiga ngoma ya salongo, kijiji kizima kitoke kufanya kazi. Lakini salongo ya nini? Hakuna aliyejua tuanzie wapi. Wengine walitaka tubomoe ule udongo katikati. Wengine walisema tuwahamishe watu wote wa bondeni. Wahamie wapi, kaka? Wamekwisha kuhama mara tatu au nne.

Aliyetuokoa na ubishi huo ni Zéphyrin, mwana wa Mama mkubwa, yule tuliyekuwa tunamwita mpotevu kwa sababu aliacha shule akaenda kuchimba madini Omate. Alikuwa amefika Nyabiondo na wenzake wanne kutafuta chakula, akasikia habari, akaja Ijumaa akiwa na tope mpaka kiunoni. Hakusalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kutazama maji, akaketi juu ya jiwe muda mrefu.

Huko Omate kazi yao kubwa, kumbe, ni kubishana na maji. Kila siku wanayatoa shimoni na kuyaongoza kwenye mifereji ili waoshe madini. Alitoa mpira mwembamba wa plastiki, akaujaza maji, akamweka mwenzake ncha moja na yeye akashika nyingine. Maji ndani ya mpira yanasimama sawa pande zote mbili, kwa hiyo unajua wapi pako juu na wapi pako chini. Alipima hivyo siku nzima, huku sisi wasomi tunamfuata nyuma kama vifaranga. Alisema tusiguse ule udongo uliolala kijitoni. Tutafute ardhi ngumu pembeni, tuchimbe mfereji, maji yatoke polepole kabla hayajatoka yenyewe kwa hasira.

Njia ya kwanza ilipita katika malisho ya Makuza. Unajua jinsi Papa wetu na Makuza walivyogombana kwa ajili ya ule mpaka wa shamba. Miaka minne hawakusalimiana, na Papa alikufa hivyo. Mimi nilidhani Makuza atakataa. Alisikiliza, akavua kofia, akasema, "Pasueni. Ng'ombe wanaweza kuruka."

Basi Jumamosi tulianza. Sijawahi kuona watu wengi namna ile kwenye kazi moja. Wakulima, wachungaji wa Makuza, vijana wa kwaya, na kutoka kambini wanawake zaidi ya sitini, kila mmoja na beseni lake. Walijipanga mstari, beseni la udongo likapita mkono kwa mkono mpaka chini. Aliyewaongoza ni mama mmoja mrefu, mjane, jina lake Byukusenge, aliyekimbia kutoka Kirolirwe mwezi wa pili.

Nilimtambua. Mwezi wa tisa nilimfukuza mwanamke shambani kwetu kwa sababu alikuwa anaokota kuni, na nilimfukuza kwa maneno makali. Alikuwa yeye. Siku mbili nilipokea beseni kutoka mikononi mwake, na sikumwuliza kama ananikumbuka.

Jumapili jioni majembe yaligonga mwamba. Si jiwe, ni mwamba mzima chini ya nyasi, hata mitalimbo iliruka tu. Malisho ya Makuza yalikuwa yamekatwa katikati bure. Watu waliketi chini, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Zéphyrin alichukua mpira wake, akavuka upande wa pili. Nilipoona anaelekea kwetu, moyo wangu ulielewa kabla ya akili.

Jumatatu walikuja nyumbani: chefu, Zéphyrin na Makuza. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliwapa viti. Zéphyrin alitazama chini.

"Mama mudogo," alisema, "nimepima mara tatu. Njia iko moja tu. Inapita pale Papa analala."

Mama aliendelea kuchambua. "Na mutoto?"

"Na mutoto pia."

Jean-Marie, alikuwa anauliza juu ya kaburi la Elodie wako.

Chefu alikohoa. Alisema kwamba shamba ni la mwana mkubwa, na makaburi ni ya mwana mkubwa, na kwamba yeye hawezi kutoa amri juu ya jambo kama hilo. Akauliza, "Jean-Marie iko mbali. Nani anasema kwa nafasi yake?"

Nilikuwa nimepanda juu ya kilima mara tatu tangu asubuhi nikitafuta mtandao. Mara moja tu simu ilijaribu kuita, sauti ikaniambia hupatikani. Baba zetu wadogo wote wamekufa. Nilimtazama Mama, naye hakuniinulia macho. Nikasema, "Mimi."

Sijui kama nilikuwa na haki. Wako wazee waliogeuza shingo waliposikia baadaye kwamba binti ndiye aliyesema. Lakini hata baada ya kusema "mimi", sikujua niseme nini. Nilimwona tena Solange akiwa amepiga magoti pale kaburini, miaka kumi na minne iliyopita, akikataa kuinuka.

Byukusenge alikuwa amesimama penye ua, amekuja kurudisha beseni letu. Aliomba ruhusa ya kuongea, na Mama akamwitikia kwa kichwa.

"Mama, sisi makaburi yetu ilibaki Kirolirwe," alisema. "Bwana yangu iko kule, na mutoto yangu wa pili. Hakuna muntu wa kuyapalilia. Siwezi kukuambia haiumi. Inauma kila siku. Lakini wale wenye niliwabeba mugongoni ndio wako kule chini, karibu na maji."

Aliweka beseni chini akaondoka. Makuza alifuta macho kwa kofia yake.

Mama akamwuliza Zéphyrin maji yatafika juu lini. Alijibu kwamba mvua ikinyesha kama ya jana, siku nne au tano. Ndipo Mama aliponitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema nasema kwa nafasi yako. Alitaka nilitamke mwenyewe. Nikasema, "Wachimbe."

"Basi kesho asubuhi," Mama alisema. "Lakini hakuna muntu wa kupiga jembe pale kabla mimi sijaongea na Papa yao."

Jumanne, jua lilipotoka, Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaketi chini kati ya makaburi mawili. Katekista alisimama mbali akisubiri zamu yake. Mama aliongea na Papa kwa Kihunde, bila haraka, kama alivyokuwa anamweleza habari za sokoni. Nilidhani anamwomba msamaha. Niliposogea nikasikia anataja majina. Alikuwa anamtajia watu wa bondeni, nyumba kwa nyumba: fulani na wake zake, fulani aliyetukopesha mbegu, yule mkunga, hata watu wa kambini aliowajua kwa sura tu, akisema, yule mama mwenye mapacha, yule mzee kipofu. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Mwisho akajipangusa udongo, akasema sasa katekista aombe.

Papa walimtoa wanaume. Zéphyrin alishuka mwenyewe kaburini, akafanya kazi kwa mikono, bila jembe. Walipomlaza juu ya mkeka, Makuza alikuja mbele ya Mama, akaomba ashike pembe moja. Mama alimtazama kidogo, akasema, "Shika ya kichwa." Basi Makuza alimbeba Papa wetu upande wa kichwa mpaka juu kwenye kanisa dogo, na alikataa kupokewa njiani.

Mwanzoni Makuza alikuwa ametoa kiwanja cha makaburi juu ya malisho yake, mahali pakavu, pazuri, azungushe ua wa miti. Mama alimshukuru sana, halafu akamwambia, "Lakini Papa yao hakupenda ng'ombe yako wakati iko muzima. Tumuweke kwa kanisa." Watu walicheka, Makuza mwenyewe akacheka, na kwa muda mfupi ikawa kama siku ya kawaida.

Elodie sikumwachia mtu. Mimi ndiye niliyemvisha siku ile, nikaona ni mimi nimtoe. Sitakuandikia yote. Sanduku lilikuwa limekwisha kuwa udongo. Kilichobaki kilikuwa kidogo na chepesi, nikakifunga katika kitenge changu kipya, kile cha bluu ulichonitumia. Nilimbeba kifuani, si kichwani wala kwenye mkeka. Wanawake wa kambini waliacha mabeseni yao, wakanifuata wakiimba taratibu kwa lugha zao. Tumemzika karibu kabisa na babu yake, upande ule ule wa kushoto aliokuwapo.

Siku tatu zilizofuata tulichimba bila kupumzika. Mvua ilinyesha mara mbili, na kila ikinyesha watu walisimama kutazama juu, kisha wakainama tena. Byukusenge na wenzake waligawanyika: nusu walibaki na sisi, nusu walishuka kuwahamishia wazee na watoto kanisani na shuleni kwetu huku juu. Ijumaa saa sita mchana ulibaki ukuta mmoja wa udongo, upana wa mlango. Zéphyrin alijifunga kamba kiunoni, watu kumi tukaishika, chefu akiwa wa kwanza. Alipiga jembe mara tano au sita. Maji yalipita kwanza kama ulimi, halafu yakapata njia, tukamvuta juu akiwa amepoteza kiatu kimoja.

Hayakuwa na kelele nyingi. Yalikula kingo polepole, yakaingia kwenye migomba yetu, migomba ikainama mmoja baada ya mwingine ikaondoka. Jiko la Mama liliondoka. Nusu ya shamba, sehemu yote ya chini, imekuwa njia ya maji, na sidhani kama itarudi kuwa shamba. Kule Lushebere maji yalifika magotini sokoni, yakachukua safu mbili za vibanda vitupu. Hakufa mtu. Naandika tena, kaka, ili usome mara mbili: hakufa mtu.

Wiki iliyofuata wakubwa walikuja kutoka Goma na magari mawili, wakapiga picha, wakapima kwa vyombo vyao. Mmoja akasema mfereji umepangwa vizuri, akauliza ni injinia gani aliyeongoza kazi. Zéphyrin alikuwa amekwisha kurudi Omate. Kabla ya kuondoka alikuja kumuaga Mama, akakaa naye mchana mzima akimtengenezea jiko jipya. Hatumwiti tena mpotevu.

Usidhani kwamba tumekuwa malaika. Tulifanya mkutano juu ya miti na makala, ukaisha kwa makelele. Wanaochoma makala wameuliza watawalisha watoto wao nini. Tutakutana tena baada ya Noeli. Makuza ameturuhusu kulima maharage kwenye ile sehemu ya malisho iliyokatwa, maana nyasi hazioti tena. Ninalima pamoja na Byukusenge. Juzi, tukiwa tunapanda, nilimwambia kwamba ni mimi niliyemfukuza. Alisema, "Najua." Akaendelea kupanda.

Sasa umejua yote. Nilisema kwa nafasi yako mbele ya watu, nikaondoa kaburi la baba yako na la mwanao, nikatoa nusu ya shamba lako. Ukiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya. Lakini kila asubuhi nikipita pale na kuona maji yanapita mahali mtoto alipolala, nasimama na kutaja jina lake, na sikutaka uyasikie haya kutoka kwa mdomo wa mtu mwingine. Kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo ulivyokasirika. Nitaipokea barua.

Limebaki jambo moja. Seremala amechonga misalaba miwili mipya. Wa Papa umekamilika. Kwa Elodie tuliandika jina, na alipotuuliza siku ya kuzaliwa, tulishindwa. Ule msalaba wa zamani ulikuwa umeoza. Mama anasema alizaliwa mwaka wa mvua ya mawe, mwezi wa maharage, lakini tarehe hakumbuki, na mimi sikutaka kubahatisha. Nimemwambia seremala aache nafasi chini ya jina. Muulize Solange, kaka. Nitakapoipata tarehe, nitaenda kuichonga mwenyewe.

Mama anakusalimu, anasema umwambie Alliance amwandikie bibi yake hata mistari mitatu. Chefu Barthélemy anakusalimu kwa heshima. Papa Makuza ameniomba nisisahau jina lake, kwa hiyo naliandika: Makuza anakusalimu. Mkumbatie Luc, na umshike Solange mkono kwa niaba yangu.

Mungu aliyeyapitisha maji pembeni mwa watu awalinde huko mliko, awape usingizi na kazi ya mikono, na siku moja awalete mtuone.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo kama jana,

Annonciata